Injini Iliyomjua Ndahani

Gari lilishuka mteremko wa uwanja wa mbio wa Chamwino, mashamba ya zabibu yakipita pembeni kama uzi mmoja wa kijani. Kabla Ndahani hajakanyaga breki, breki zilikuwa zimekwishashika. Ndivyo ilivyofanya kazi injini-sikizi. Iliyasikia mapigo ya damu ya dereva kupitia usukani na kiti, ikaitazama njia kwa vijicho vyake vya kioo, ikajua la kufanya kabla mguu wa mtu haujajua. Kwa miaka mingi ilimlea Ndahani kama mama anayemjua mtoto kwa pumzi.

Mhandisi Mwajabu, aliyezungumza naye kwa redio, hakuwa na desturi ya kumwuliza anaendeleaje. Badala yake alimtegea kitendawili kwenye kila kona kali. Jibu likija upesi, alijua kijana ametulia.

"Kitendawili."

"Tega, dada."

"Nakimbia naye mchana kutwa, hachoki wala hahemi."

"Kivuli. Leo umeishiwa, unanitegea vya chekechea."

Huo ulikuwa msimu wao wa mwisho wa raha. Kiwanda kiliamua kuzipeleka injini-sikizi zote kwa timu kubwa, zikang'olewa pamoja na kumbukumbu zao. Timu yao ndogo, iliyomilikiwa na Mama Chiwanga, ikabaki na fremu tupu, na injini ya kiwanda kingine. Hii ilikuwa na nguvu kama radi, lakini kiziwi. Ilisubiri mguu wa mtu.

Kubadili injini si kubadili kanga. Mpya ilikuwa ndefu, ikabidi fremu ikatwe. Joto lake lilitokea ubavuni, rejeta za kulipoza zikahamishwa, na mbavu za gari zikachongwa upya. Gia nazo zikagoma kuelewana na mgeni. Na Jumamosi kulikuwa na majaribio. Gari ambalo lingeshindwa kumaliza lingepoteza nafasi ya msimu, na timu isiyo na nafasi hufunga milango.

Mazoezini Ndahani akatoka nje ya njia kwenye kona ya kulia. Wakarekebisha breki. Akatoka tena palepale. Wakashusha gia zote, wakazifunga upya. Akatoka tena, safari hii akavunja bawa la mbele.

"Tumeoa bila kuuliza kwao," alisema Mama Chiwanga. "Injini hii ina pepo."

"Injini ni nzima, Mama. Nimeipima mpaka naiota."

"Basi mbona mwanangu anaanguka?"

Ijumaa, gari lilipokaribia kona ile, Mwajabu alimtegea Ndahani kitendawili. Redio ikawa kimya. Akatega kingine. Akasikia pumzi za mtu anayehangaika, kisha mlio wa matairi kwenye changarawe.

Hapo ndipo Mwajabu aliposhtuka. Mtu akishika gari kwa mwendo ule hana nafasi ya vitendawili. Sasa zamani aliwezaje kujibu katikati ya kona, tena kwa utani? Gari lilikuwa mikononi mwa nani?

Alikimbia hadi kwenye changarawe. Ndahani alikuwa amevua helmeti, ameketi bado ndani ya gari. Mwajabu akasimama upande wake wa kulia, akanyoosha chupa ya maji karibu na shavu lake.

"Ndahani, nimeshika nini?"

Kijana aliangalia mbele. "Kwani uko wapi, dada?"

Ilikuwa presha ya macho. Daktari aliwaeleza asubuhi iliyofuata kwamba ugonjwa huo hula uwezo wa kuona pembeni kwanza, bila maumivu, na kwamba jicho la kulia ndilo lililoathirika zaidi. "Angeletwa mapema tungeyaokoa macho yake. Hakuwahi hata kugonga kitu?"

Hakuwahi. Injini-sikizi ilimwona akichelewa, ikakanyaga kwa niaba yake, kila mwaka zaidi kidogo. Ilifundishwa kusaidia. Hakuna aliyeifundisha kusema.

Wakaketi kwenye benchi la hospitali. Simu ya Mwajabu ikaita, ni Mama Chiwanga; saa ya majaribio ilikuwa imefika.

"Twende," alisema Ndahani. "Wewe utaniambia 'sasa', mimi nakanyaga."

"Siwezi, mdogo wangu."

"Timu itafungwa."

"Itafungwa."

Simu ikaita mpaka ikakatika. Ndahani alikuwa akijisugua magoti kwa viganja.

"Dada, vile vikombe vyote. Nilishinda mimi?"

Mwajabu aliinuka, akahamia upande wake wa kushoto, ambako Ndahani bado angeweza kumwona. Akamshika mkono.