Ticha Kageuza Kikombe

"Simu yako naondoka nayo, mke wangu," mume alisema, huku ameshaitia mfukoni.

"Leo niachie basi. Nataka nimjaribu dada tena."

"Dada gani? Huyo aliyeniambia mbele ya watu kwamba umeshachagua, usimtafute?" Akambusu kwenye paji la uso. "Naumia kuliko wewe. Halafu wazazi wa watoto watakupigia katikati ya somo, uchanganyikiwe. Acha nikupunguzie mzigo."

"Na ufunguo wa geti?"

"Wa nini?"

"Nitoke hata hapo dukani. Nataka karatasi za rangi za darasani."

"Karatasi nitaleta mimi. Mtaa huu una vibaka, laazizi. Kuna nini huko nje ambacho mimi siwezi kukuletea?"

Haya, utamjibu nini mtu anayekufungia kwa sauti ya kukubembeleza? Mtaani walimwita Sukari, na jina lilimkaa. Alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Mama jirani akimwona anaanika shuka za mkewe, anapiga kelele kutoka upande wa pili wa ukuta, "Mwenzetu wee, umepata mume!" Na mke anaitikia, "Nimepata," huku ameshika nondo za geti.

Kufuli likalia, ka! Gari likaondoka.

Zamani alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, shule yenye kelele na vumbi, na alikuwa na furaha zake. Sukari alimkuta hapo, akampenda, akamwoa. Kisha akaanza. Mbona umechelewa? Yule mwalimu wa kiume mlikuwa mnacheka nini? Mwishowe akaja na wazo: "Fundishia nyumbani, mtandaoni. Ukae kama malkia." Chumba alikipaka rangi mwenyewe, akabandika picha za wanyama ukutani, akanunua na taa. Bibi harusi akalia kwa furaha.

Dada yake peke yake ndiye aliyenuna. "Mdogo wangu, mtu gani anakosa raha kila ukicheka na wenzako?"

"Dada, una wivu!"

Hapo ndipo walipokosana. Tangu siku hiyo akimpigia dada, hapatikani, na chumba cha wanyama kikazidi kuwa kidogo. Twiga alimtazama, simba alimtazama, na yeye aliwatazama. Nani alikuwa kwenye tundu, hata hakujua tena.

Watoto walipotoka shule zao na kula, waliingia kwenye kompyuta yake mmoja mmoja. Walimwita Ticha Kengele, kwa ile kengele ya shaba aliyoondoka nayo shuleni, anayoipiga kufungua somo. Nao kila mmoja alikuwa na jina la darasani. Kulikuwa na Profesa, binti wa miwani mikubwa. Kulikuwa na Tembo, mwembamba kama ufito. Na kulikuwa na Njiwa, ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Mama yake aliandika tangu mwanzo kwamba kamera ni mbovu na mtoto ana aibu. Njiwa hakusema neno. Akiulizwa, aliandika jibu, na kila mara lilikuwa sahihi.

Ngring! Ngring!

"Haya wanangu! Kikombe kikigeuzwa?"

"Hatucheki!"

"Na?"

"Hatuulizi kwa sauti!"

"Sasa tunafanya nini?"

"Tunamwandikia pembeni!"

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yao. Aliitunga baada ya Tembo kuchekwa kwenye hesabu mpaka akazima kamera akilia. Mtoto akikwama na anaona haya, ageuze tu kikombe chake mbele ya kamera, mdomo chini. Ticha atamwandikia ujumbe wa pembeni, wenzake wasijue kitu. Na siyo aandike "sijui". Aandike alipokwamia.

"Leo tuna nusu na robo. Tuna mkate mmoja, watu wawili..."

Alifundisha. Alijikaza kisabuni, akatabasamu, akachora mkate. Lakini watoto walikuwa kimya. Tembo, ambaye mdomo wake haufungiki, alikuwa amekodoa macho tu.

"Mtandao umeganda? Mnanisikia?"

Vichwa vikatikisika, ndiyo. Profesa akainama kuandika. Wenzake nao wakainama. Ujumbe wa pembeni ukaanza kuingia.

"Ticha hata mimi robo zinanichanganya. Usione aibu."

"Ticha pumua kwanza halafu ujaribu tena."

"Ticha, bibi anasema unywe maji."

Alisoma mara mbili bila kuelewa. Ndipo akatazama mezani. Asubuhi chai ilimshinda kunywa. Akaimwaga, akasuuza kikombe, na kwa mawazo aliyokuwa nayo akaja nacho mpaka huku, akakiweka kando ya kengele kijichuje maji. Mdomo chini.

Alitaka kucheka. Badala yake machozi yakamjaa.

"Jamani wanangu... chukueni karatasi. Kila mtu achore mkate wake, augawe. Msinionyeshe mpaka niseme."

Akanyoosha mkono akigeuze kikombe. Kabla hajakigusa, ujumbe mwingine ukaingia. Wa Njiwa.

"Umekwama wapi, mdogo wangu?"

Akakisahau kikombe. Duniani humu mtu mmoja tu alimwita hivyo.

Akaandika: "Dada?"

"Ndiyo mimi."

"Njiwa ni wewe? Siku zote hizi?"

"Nilijiandikisha kwa simu ya mwenzangu wa kazini, nikadanganya nina mtoto. Ningefanyaje? Nilitaka nisikie sauti yako tu."

"Si ulisema nisikutafute?"

"Mimi?! Wewe ndiye uliyeniandikia. Ujumbe ninao mpaka leo, soma: 'Dada, ndoa yangu ina amani tangu utoke kwenye maisha yangu. Tafadhali usinipigie tena.' Nikapiga, namba yangu imefungiwa."

Alisoma tena, neno kwa neno. Simu yake. Mfuko wa mume. Kila asubuhi, na busu juu yake.

"Dada, sikuandika mimi hayo. Simu anashinda nayo yeye."

"Uko salama?"

Hapo akakwama kweli.  Angeandika nini? Kwamba hampigi? Kwamba anamletea maua na kumfulia shuka? Alitazama watoto wake, wameinamia mikate yao, ndimi nje. Hao aliwafundisha nini? Andika ulipokwamia.

Akaandika: "Geti limefungwa. Ufunguo anao yeye. Kila siku, dada."

"Nakuja."

Jua lilikuwa bado kali dada alipofika, na kama kwa makusudi, gari la Sukari nalo likasimama hapo hapo. Mke aliwaona kupitia nondo za dirisha.

"Shemeji!" Sukari alishuka huku anachekelea. "Jamani, umepotea! Bahati mbaya mwenzio kalala, kichwa kinamsumbua."

"Kalala?"

"Fofofo. Tena kasema asiamshwe. Rudi siku nyingine, nitamwambia ulipita."

NGRING! NGRING! NGRING!

Mtaa mzima ulisikia. Aliipiga ile kengele dirishani kama mtu anayeita shule nzima mstarini, mpaka mama jirani akatoka mbio na sabuni mikononi.

"Kulikoni? Kuna moto?"

"Hakuna moto, mama. Nimefungiwa ndani."

Ndiyo mara ya kwanza kuyasema kwa mdomo wake. Mama jirani akamtazama Sukari, akatazama kufuli, akamtazama tena Sukari.

"Mke wangu, unaniaibisha," Sukari alisema kwa ile sauti yake laini.

"Fungua."

"Tuongee ndani, laazizi. Mambo yetu..."

"Fungua kwanza."

Ufunguo ulimponyoka mara mbili kabla ya kuingia kwenye kufuli. Mke akatoka na kompyuta kifuani na kengele mkononi. Dada akamvuta, wakakumbatiana pale pale barabarani, wanalia kwi kwi kama watoto.

"Simu yangu," alisema alipoweza kusema.

Sukari akaitoa. Na yeye macho yalikuwa yamemwiva. "Nilikuwa naogopa utaniacha."

"Nilikuwa nakupenda, wewe! Ulimfungia mtu ambaye hakuwa na safari!" Akaichukua simu. "Safari umenipa wewe leo."

Akaondoka. Kikombe alikiacha mezani.

Kwa dada chumba kilikuwa kidogo zaidi, redio haizimwi na mlango haufungwi kwa ufunguo. Mwanzoni usingizi ulimpaa, akiamka anakwenda kujaribu kitasa. Kinafunguka. Anarudi kulala.

Siku moja, somo halijaanza, jina likatokea kwenye foleni ya kuingia darasani: Sukari.

Alilitazama mpaka macho yakamuuma. Kisha akamruhusu.

Alikuwa amekaa kwenye kile chumba, twiga nyuma yake, ndevu hazijanyolewa.  Mbele yake palikuwa na kile kikombe, mdomo chini; sheria hiyo mke alishamhadithia zamani.

Tusidanganyane, alikuwa bado anampenda. Moyo ulimwenda mbio kama siku ile ya kwanza shuleni. Ukamtuma awashe maiki, amwite mume wangu. Hakuiwasha. Akaandika:

"Andika ulipokwamia."

Kule akaonekana anaandika, anafuta, anaandika tena.

"Sijui kumpenda mtu bila kumfungia."

Alilia. Aliyafuta machozi kwa kiganja, akavuta pumzi.

"Leo ndiyo umesema ukweli, na nimekusikia. Lakini somo hilo sikufundishi mimi. Mtafute mtu mzima akushike mkono, na usikawie. Mimi sirudi. Kwaheri, Sukari."

Akamwona anasoma, anainamisha kichwa, anakigeuza kikombe taratibu, mdomo juu. Kisha Ticha akamtoa darasani mwenyewe, kwa kidole chake.

Kwenye foleni Profesa alikuwa ameshafika, Tembo naye, na wengine nyuma yao. Akawafungulia wote. Akachukua kengele.

Ngring! Ngring!

"Haya wanangu! Kikombe kikigeuzwa?"

"Hatucheki!" watoto waliitika.

"Hatucheki!" dada naye akapaza sauti kutoka jikoni, mlango ukiwa wazi.