Mke Mwenza wa Ukutani

Asubuhi ile fundi seremala alimaliza chai yake, akajifuta midomo kwa kiganja, akasema kama mtu anayezungumzia mawingu, "Marehemu alikuwa anaiacha ichemke zaidi kidogo." Kisha akabeba msumeno, akaenda zake karakana.

Mkewe alibaki na kikombe mkononi. Mwaka wa pili huu. Mapazia aliyachagua marehemu, kabati la marehemu, na ukutani marehemu mwenyewe, ndani ya picha ya harusi, akitabasamu na vishimo vyake mashavuni. Mke mwenza aliye hai unaweza kumsuta, hata mkashikana mashati, yakaisha. Wa kaburini utamfanya nini? Hazeeki, hanuni, hazidishi chumvi.

Siku hiyohiyo akaenda nyuma ya soko, kwa bibi mmoja muuza dawa.

"Nataka atoke yeye tu," alinong'ona. "Mume wangu asiguswe. Pasiugue mtu, pasivunjike kitu. Yeye tu, bibi."

"Dawa yangu haina pupa," bibi alisema. "Itaokota kilicho chake, itaacha kisicho chake. Kuna chake chenye pumzi mle ndani?"

Palikuwa na binti wa miaka saba, waliyemwita Chiriku kwa jinsi alivyoongea bila kumeza mate. Marehemu alimzaa, huyu ndiye aliyemwogesha, akamfundisha kufunga kamba za viatu, akamkesha akiwa na homa. Hakutaka kumgawana na marehemu hata ukucha.

"Hakuna," akajibu. "Mtoto ni wangu."

Bibi alichota kwenye kibuyu chake. Kisha akamfungia unga wa kijivu wa kunyunyiza kizingitini.

Kesho yake picha ilikuwa imebadilika. Gauni lilikuwepo, maua mkononi yalikuwepo. Uso haukuwepo. Mapazia yakapauka. Fundi akanywa chai, akaisifu. Mama wa watu akafua nguo huku akiimba.

Siku ya tatu Chiriku alirudi kutoka shule akicheka. Mashavu yalikuwa bapa. Vile vishimo alivyorithi havikuwepo.

Mama akajiambia ni mwanga tu.

Siku ya nne kicheko kilitoka bila sauti. Siku ya tano mtoto alisimama mbele ya kioo akijipapasa uso, polepole, kama anayetafuta kitu gizani.

"Mama," alinong'ona, "mbona naisha?"

Mama hakuvaa hata kandambili. Alikimbia hadi kwa bibi.

"Dawa haikukosea," bibi alisema. "Wewe ndiye uliyesema hana chake mle."

"Nifanye nini? Nitoe nini?"

"Huna cha kutoa. Mkaribishe. Na iwe kwa moyo, siyo mdomo mtupu."

Akarudi, akaufagia unga wote, akapiga magoti kizingitini mchana kweupe, majirani wakipita na kugeuza shingo. Aligeuka kutazama ndani. Chiriku alikuwa amelala. Shuka lilikuwa limetanda bapa juu ya kitanda, kana kwamba halikufunika mtu.

"Dada," alisema, machozi yakimtiririka. "Rudi. Mwana ni wetu."

Pazia lilisogea. Upepo haukuwepo. Kitu cha baridi kilimpita begani, kikaingia. Hakikupiga hodi.

Kulipokucha, Chiriku alikuwa anaongea kabla hajafumbua macho. Vishimo vilikuwepo. Mama alimkumbatia, akalia, na katikati ya kilio kile wivu ukamchoma upya. Nywele za mtoto zilikuwa zimesukwa mistari myembamba, iliyonyooka, msuko asioujua yeye.

"Nani kakusuka?"

Mtoto alimshangaa. "Si wewe? Alfajiri. Ila mikono yako ilikuwa ya baridi, mama."

Akapitisha kidole katikati ya mistari. Kilitoka na udongo mwekundu.

Ulikuwa bado mbichi.