Kijiti cha Wakoli

Rafiki yangu Wakoli anauza viatu vya mitumba Makadara. Viatu vya ngozi vya zamani huwa namba imefutika, kwa hivyo yeye hupima kwa kijiti chenye alama: anakisukuma ndani mpaka kigonge ncha, kisha anasoma saizi.

Jirani yetu Kimani alipofariki, mjane wake Jecinta alimpa Wakoli viatu vya marehemu avipeleke mochari. Vilikuwa vya zamani, ngozi safi, saizi tisa. Wakoli akavificha ili aviuze. Akamvika Kimani vya plastiki alivyoshindwa kuuza, saizi saba, akimkunja vidole mpaka miguu ikaingia. Alinisimulia mwenyewe, akicheka. Mimi sikucheka.

Wiki iliyofuata, saa kumi jioni, mvua ikanyesha, stima ikapotea, kibanda kikawa giza. Mteja akavishika viatu vile vya Kimani.

"Hivi ni saizi gani, boss?"

"Tisa. Ngoja nikuonyeshe."

Kijiti kikaingia, kikakwama kwenye alama ya saba. Wakoli akasukuma. Kitu ndani kikakirudisha polepole. Tok. Akasukuma tena. Tok.

Mteja akaondoka bila kuaga. Wakoli akatia mkono, akidhani ni karatasi iliyosokotwa. Akagusa vidole vitano vya baridi, vimekunjwa.

Jana alikuja kwangu peku, nyayo zinavuja damu, akisema kila kiatu anachojaribu kina vidole ndani, akiomba kiatu chochote. Sikumhurumia, lakini nilimtolea gambuti zangu, saizi kumi na moja. Kabla hajaingiza mguu, tulisikia ndani ya gambuti: tok.