Mwizi wa Maua ya Pamba

Maua yote mia mbili na kumi na manne yalikuwa yametoweka. Asubuhi hiyo ya Machi 1954, shamba la majaribio ya pamba pale Makambako lilibaki kijani tupu, kana kwamba halijawahi kuchanua. Bwana Shamba Festo alikuwa ameketi kwenye tuta, kofia mkononi, akilia bila haya.

Inspekta Methusela alikuwa ametolewa Njombe kwa lori la polisi, yeye na konstebo wake, kabla hajamaliza uji wake. Miaka kumi na minane kazini, ameokota maiti, amefunga wezi wa ng'ombe. Leo ameitiwa maua.

"Una hakika na idadi?"

"Nayahesabu kila jioni, afande. Ndio utafiti wenyewe. Keshokutwa Ijumaa mkubwa wa kilimo anakuja kutoka Mbeya. Asipoona dalili ya pamba, shamba linafungwa, nami nahamishiwa Lindi."

"Lindi si pabaya."

"Na Oktavia je? Mama yake ameapa binti yake haendi kuolewa mbali. Nikihamishwa, uchumba umekufa!"

Methusela alilainika. Alivaa miwani akakagua mmea mmoja mmoja. Mbuzi hapana, mbuzi angekula na majani. Kila ua lilikuwa limekatwa shingoni, bila kikonyo, bila jani kuchanika. Alijaribu kuchuma jani kwa namna ile, akang'oa tawi zima.

Mwizi huyu alikuwa na ujuzi. Na ujuzi huo Methusela aliufahamu, maana mama yake alilima pareto kule Yakobi, maua yanayokaushwa kuwa dawa ya wadudu, na utotoni kila yeye alipochuma ua pamoja na kikonyo chake alizabwa kofi. Sikio lilimwasha mpaka leo.

Akamwita mlinzi, mzee Manase.

"Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, afande."

"Nani aliingia?"

"Hakuna mtu."

"Hata mmoja?"

"Mama Fidelia tu, na kikapu chake kiunoni."

"Mama Fidelia si mtu?"

"Ni mama mkwe wa Bwana Shamba, afande. Nilitazama pembeni kwa heshima."

Methusela alishusha pumzi. "Alipata kufanya kazi gani, huyo mama?"

"Miaka kumi na miwili alichuma pareto kwa mzungu mmoja."

Hawakwenda mbali. Uani kwa Mama Fidelia palitandikwa mkeka juani, na juu yake maua ya pamba yamepangwa vizuri yakikauka. Mwenyewe alikuwa akiyageuza mojamoja.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, baba." Kisha akamwona Festo nyuma ya inspekta. Alijifunika kanga usoni akageukia ukuta. Festo naye aligeuka upesi, akampa mgongo, kama desturi ya wakwe inavyotaka. Inspekta alibaki katikati, akihoji migongo miwili.

"Mama, haya maua umeyachuma wewe?"

"Nani mwingine? Mwambie mkwe yapo salama, kesho yatakuwa yamekauka."

"Mwambie mama ameniua!" alilia Festo.

"Amesikia," alisema Methusela. "Mama, kwa nini ulifanya hivyo?"

"Ua likishafunguka halingoji, baba, dawa yake inapungua. Napita shambani, naona yamefunguka yote, na mwenyewe anazunguka na daftari! Mkubwa anakuja Ijumaa, mavuno yanaozea shambani. Nikasema, kijana huyu kwa uvivu wake atapelekwa Lindi, na mwanangu atamfuata. Mimi nimebakiwa na mtoto huyo mmoja tu."

"Kwa nini hukumwuliza kwanza?"

"Nimwulize mkwe? Kwa mdomo huu?"

Hata konstebo aliona inspekta amekosa adabu.

"Ungemtuma Oktavia."

"Oktavia yuko Kifanya kwa shangazi yake, anafundwa."

"Na nani alikuambia kwenye pamba kinachovunwa ni ua?"

Mama Fidelia alinyoosha kidevu kuelekea mlangoni. Palibandikwa tangazo lililobandikwa kila baraza toka Makambako hadi Wanging'ombe: PAMBA NI UTAJIRI. Chini ya maneno hayo lilichorwa ua moja kubwa, zuri kabisa.

"Nani amechora?"

"Mimi," Festo aliuambia mpini wa jembe lililoegemea ukuta. "Ua ndilo nililoweza kuchora."

"Miaka miwili unahubiri pamba. Ulipata kuwaambia watu wanachuma nini?"

"Niliwaambia nafasi ya kupanda, wadudu, viwanda vya Ulaya..." Festo alifuta machozi. "Nilidhani wanajua."

Methusela alifunga daftari. Mhalifu alikuwa amepatikana, na hakuwa yule wa kanga.

Ijumaa mkubwa alikuta shamba lina maua saba mapya na mkeka mmoja. Juu ya mkeka palikuwa na kikaratasi cha polisi: Kielelezo cha kwanza, maua 214. Inspekta alisimama wima akatoa ushahidi kwamba pamba ya Makambako inachanua, tena sana. Mkubwa aliyahesabu mwenyewe, akacheka mpaka akaketi. Akaongeza mwaka mmoja wa majaribio, kwa sharti tangazo lichorwe upya.

Festo alichora usiku na mchana. Safari hii alichora pamba yenyewe, tunda lililopasuka, jeupe, na alijitahidi sana. Mama Fidelia aliletewa la kwanza. Aliliangalia kwa muda mrefu, kisha akamwita Methusela kando, mgongo kwa mkwewe.

"Baba, niulizie kwa mkwe, nisije nikakosea tena. Hawa kondoo wanachumwa mwezi gani?"