Pilipili Kwenye Mvuke wa Bi. Malvezzi

Saa kumi na moja jioni, Alhamisi, Pierina mvalishaji aliinamia jagi la kujifukiza la Bi. Ortensia Malvezzi, akajifunika taulo, akavuta pumzi moja. Ukelele wake ulifika hadi kwa muuza samaki ng'ambo ya uwanja. Pierina alikuwa na desturi ya kujaribu kila kitu kabla ya bosi wake, na siku hiyo desturi ilimlaza hospitalini, uso kama nyanya. Ndani ya jagi mlikuwa na pilipili ya kusaga, ya kutosha kunyamazisha kwaya nzima.

Mvuke ule ulikusudiwa koo la Malvezzi, ambaye kesho yake alitarajiwa kurudi kwenye jukwaa la opera la Castelrovere baada ya kupasuliwa koo na kukaa kimya miaka miwili. Mji huu si wa kuchezea. Watu wa roshani ya juu waliwahi kumzomea padri katikati ya misa kwa kukosea sauti ya Amina. Wakimzomea Malvezzi, hakuna ukumbi Italia utakaompigia simu tena. Na mkurugenzi alishasema: asipopatikana mhalifu leo, kesho anaimba mwimbaji wa akiba.

Inspekta Nazzareno Fochi, ambaye opera humpa usingizi tangu utotoni, alianza na kiongozi wa okestra, mlemle katika chumba cha kuvalia cha Malvezzi.

"Jagi lilichemshwa lini?"

"Mazoezi yalipofika sehemu ya tatu, saa kumi na nusu. Pierina akaliacha chumbani, akaja kumshikia bibi shela." Akakunja uso. "Na sehemu yenyewe bora nisingekuwepo. Bibi kanung'unika mwanzo mwisho kama anasali rozari. Eti anatunza koo. Wapiga tarumbeta wangu walisinzia."

Akafuata mwimbaji wa akiba, Ludovica Serventi.

"Vidole vyako vinanuka pilipili, binti."

"Mchana nilipika tambi za kitunguu saumu na pilipili, afande. Tulikula watu sita. Mmoja mkeo."

Fochi aliandika hilo kwa herufi ndogo. "Na sehemu ya tatu?"

"Jukwaani, mtawa wa tatu kutoka kushoto. Waulize watawa wenzangu."

Watawa wakathibitisha.

Akabaki mzee Evaristo Bonfanti, mwalimu aliyemfundisha Malvezzi kuimba tangu msichana. Alikaa na kofia magotini, akiizungusha.

"Saa kumi na nusu ulikuwa wapi, Mwalimu?"

"Ukumbini, kiti cha nyuma kabisa. Mzee kama mimi aende wapi?"

"Uliona chochote?"

"Nilimwona yeye tu. Alipoipanda ile noti ya juu ya mwisho, nikatokwa machozi, mwanangu. Bado ni ileile."

Fochi aliandika, akashukuru, akafika mlangoni. Hapo akasimama. Akamwita Malvezzi.

"Bibi, leo ile noti ya juu uliiimbaje?"

"Sikuiimba. Niliinong'ona chini, kama zote. Ni mara yangu ya kwanza. Mwalimu alinifundisha kwamba mazoezi ya mwisho unaimba kwa sauti yote hata nyumba ikiungua."

Kofia ya Bonfanti ikaacha kuzunguka.

"Kwa hiyo uliikisia, Mwalimu," Fochi akasema. "Ulikuwa humu chumba cha kuvalia, kwenye jagi. Huku ng'ambo ya ua, ya jukwaani hayasikiki."

Malvezzi alimtazama mzee. "Ulianza lini kunichukia?"

"Kukuchukia?" Bonfanti akainua uso. "Nilikusikia ukijaribu sauti baada ya kupasuliwa. Bawaba yenye kutu. Hawa wa juu wangekutafuna. Nikasema, heri akohoe wiki moja, ahurumiwe, abaki na jina lake."

"Pierina amelazwa."

"Pierina sikumfikiria."

"Na tangu siku ile umenisikia tena lini?"

Mzee akaukunja ukingo wa kofia. "Niliogopa kuja."

Malvezzi akasimama palepale kando ya kabati la nguo, bila kinanda, akaanza. Akapanda taratibu, akaifikia noti, akakaa nayo. Muuza samaki hadi leo anaapa barafu yake ilipasuka, na kwa kuwa huniongezea kamba wachache kwenye kilo, simbishii.

Bonfanti alifunika uso kwa kofia. Mabega yalimtikisika.

Fochi alifungua tena maelezo ya mzee, akatafuta mahali palipoandikwa "nikatokwa machozi". Hakupafuta. Alifuta saa kumi na nusu tu, akaandika saa moja na robo, kama saa ya ukutani ilivyoonyesha.