Toa Nne kwenye Kikokotoo

Asubuhi hiyo baridi ilikuwa kali. Toribio na mkewe, Eulogia, walikuwa zizini wakiwadunga alpaka wao, wanyama wa sufu wa milimani, sindano ya upele. Eulogia aliwashika. Toribio alipiga hesabu kwenye kikokotoo cha marehemu binti yao, Wilma.

Karatasi ya dawa ilisema: lita 0.001 kwa kila kilo 50. Toribio alizidisha uzito wa mnyama kwa 0.001, akagawa kwa 50. Kwa alpaka wa kilo 60, kioo kilionyesha 1.2×10⁻³. Akavuta mililita 1.2. Wakubwa wote walikwenda hivyo, salama.

Akabaki mtoto mmoja wa alpaka, jike, kilo 10. Mama yake alikuwa zawadi ya Wilma, aliyopewa utotoni na baba wa ubatizo, kama ilivyo desturi, siku aliponyolewa nywele za kwanza. Sasa alpaka huyo alikuwa mzee, na mtoto mwingine asingezaa. Kioo kikaonyesha 2×10⁻⁴. Toribio akavuta mililita 2.

"Baba Wilma, mbona mtoto anapata nyingi kuliko mama yake?"

"Mashine haidanganyi. Wewe shika."

Laiti angemsikiliza. Kufika jioni mtoto alikuwa amekufa. Eulogia alimfunika kwa shali yake, akaingia ndani. Toribio alitamani hata atukanwe.

Kesho yake akaja jirani yao Delfina, mhudumu wa mifugo. Akaomba kuona hesabu.

"Hesabu umeipiga sawa, kaka. Jibu ndilo hukulisoma lote. Hii kumi yenye toa nne uliipeleka wapi?"

"Nilidhani ni mapambo tu."

"Mapambo? Toa nne inakwambia usogeze nukta hatua nne kushoto. Mbili inakuwa 0.0002. Hizo ni lita. Zidisha kwa elfu moja upate mililita: 0.2."

"Na wale wakubwa?"

"Wale walikuwa na toa tatu. Lita yenye toa tatu ni sawa na mililita, ukapatia kwa bahati. Mtoto umempa mara kumi ya kipimo chake."

Toribio alikaa chini palepale zizini, akalia mbele ya wanawake bila kujificha.

"Nimemuua mnyama wa mwanangu," alisema.

Delfina hakumbishia.

Wiki iliyofuata Delfina alimwita kwake. Alikuwa na mtoto wa alpaka wa kilo 8, mwenye upele.

"Piga hesabu wewe."

"Mimi tena? Naogopa."

"Ogopa. Piga."

Kioo kikaonyesha 1.6×10⁻⁴. Toribio akaandika: lita 0.00016. Chini yake: mililita 0.16. Akahesabu hatua za nukta kwa kidole, mara mbili, ndipo akavuta dawa.

Asubuhi alirudi kutazama. Mtoto alikuwa ananyonya. Toribio alifurahi, na furaha yenyewe ikamuuma.

Nyumbani, alpaka mzee wa Wilma alikuwa bado anamwita mwanawe. Eulogia alisimama kando yake, akimpapasa shingo.

"Wa Delfina yu hai?" aliuliza.

"Yu hai."

"Haya."

Kisha akasogea kidogo, mumewe naye apate pa kusimama.