Raheli Alivyotoa Namba ya Siri

"Fredi, nani kapitisha toleo jipya la mfumo?" Raheli aliuliza, simu kaibana sikioni.

"Wewe."

"Mimi? Niko kwa mama huku Mwankoko tangu asubuhi!"

"Namba yako ya siri ninayo, mpenzi. Ulinipa mwenyewe."

Jamani, mapenzi! Wachumba hawa walitengeneza mfumo wa zahanati moja mjini Singida, mgonjwa asome majibu ya vipimo kwenye simu yake. Fredrick aliandika, Raheli alikagua usalama, na bila idhini yake, kwa namba yake ya siri, hakitoki kitu. Sasa mchumba akikuomba namba ya siri, utamnyima? Si ataona humwamini!

"Kila wiki tunatoa kitu kipya, na kila wiki unasema subiri," Fredrick alilalamika. "Nikasema ukaguzi utafuata."

"Utafuata nini? Mtu akibadilisha tarakimu moja tu ya kadi yake, anasoma majibu ya mwenzake!"

"Nimesharekebisha. Kosa limekaa wazi kwa muda wa saa mbili tu, Raheli."

Ujumbe ukaingia. Ulitoka kwa Dorkas, dada yake Raheli.

"Mdogo wangu, majibu yangu ya VVU yako kwenye grupu la ukoo wa mume wangu Chediel. Kanitupia nguo nje. Nakuja kwa mama."

Raheli alikaa chini kwenye vumbi. Ni yeye aliyembembeleza Dorkas ajiandikishe kwenye mfumo huo.

"Fredi, njoo umwambie dada ni wewe."

"Subiri kwanza..."

"Fredi!"

"Meneja wetu kaniuliza... Nimesema ulipitisha wewe. Jina lako ndilo lililoko kwenye mfumo. Nikifukuzwa mimi, tutaoana vipi?"

Bodaboda ikasimama. Dorkas akashuka na furushi, macho yamevimba.

"Nani kafanya hivi, Raheli?"

"Fredrick, dada."

"Kaingiaje?"

"Nilimpa namba yangu ya siri."

Dorkas akaliinua furushi lake.

"Siri yangu nilikupa wewe. Sikumpa yeye."

Akampita, akaingia ndani kwa mama. Kilio kilichotoka humo, Mungu pekee ndiye anakijua.

"Raheli, bado upo?" Fredrick aliita. "Nakupenda, wallah nakupenda."

"Na mimi nakupenda, Fredi. Ndiyo maana leo dada yangu hana kwake. Ndoa haipo."

Akakata simu. Alitamani kuingia ndani, akashindwa hata kuusogelea mlango.